Kilo Moja na Robo

Lilirudi boya moja tu, la kushoto,
juu ya lori la vitunguu, siku ya tatu,
limefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari.
Dereva alitaka sahihi. Nikatia.
Sasa lipo nyuma ya banda, uwanja wa ndege wa Malindi,
na kuku wa mlinzi wamelifanya kivuli chao.

Mbeyu, mimi ndiye niliyeivua ndege yako magurudumu,
nikaivisha maboya mawili, ribiti kwa ribiti,
nikaziba kila mshono kwa kidole hiki.
Tukaishusha majini karibu na gati,
mwezi ule Sabaki inapoitapikia bahari udongo
na maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa.
Ukakaza injini. Nikahesabu kwa sauti,
na kufika kumi na saba ulikuwa hewani,
matone yakidondoka kutoka visigino vya maboya
hadi usoni pangu. Nilicheka kama mtoto.

Lakini hapa ni pwani.
Hewa ya hapa ni tui la kwanza:
bawa likiiegemea, inabeba.
Kule ulikokwenda, futi elfu saba na ushei,
kwenye ziwa lililokaa kati ya milima
kama mchuzi uliobaki chini ya chungu,
hewa ni tui la tatu,
jeupe kwa macho, ulimini halina kitu.

Ulinipigia simu usiku.
"Chengo, leo nimehesabu hadi arobaini na nane.
Maji yakilala kama kioo hayaachii,
yanashika boya kama mdai.
Nimeinua mguu mmoja kwanza, kisha wa pili,
ndipo yakakubali. Na mlima tayari
umesimama mlangoni."
Ukacheka. Mimi sikucheka.
Nikakwambia ruka alfajiri, kabla jua halijaizimua hewa.
Nikakwambia punguza mzigo.
Nikakwambia usiingie bonde usiloweza kugeukia ndani yake.
"Mwambie tajiri," ukasema, "si mimi."

Sikumwambia tajiri.

Alikuwa na wageni wanne na masanduku yao,
na chakula cha mchana kilichopangwa kwingine,
na saa sita juu ya utosi, upepo hakuna.

Tume ilikuja na daftari.
Waliandika: joto. Waliandika: uzito.
Waliandika upepo unaoporomoka nyuma ya kilele
kama mtu anayeshuka ngazi bila kutazama,
na kona moja, iliyokatwa kwa kuchelewa.
Jina la aliyepanga saa hawakuliandika.
Wakaniuliza habari za maboya.
Nikasema: mazima.

Jioni hiyo, peke yangu, nikaingiza pampu
katika vyumba vya boya, kimoja kimoja,
kama ulivyonizoesha kila asubuhi.
Cha kwanza, kikavu. Cha pili, kikavu.
Cha tano kikakohoa, kikatema maji
yaliyopashwa na jua la njiani.
Niliyaonja. Hayakuwa na chumvi.

Nikaazima mizani ya korosho kwa Kadzo, Maweni.
Kilo moja. Na robo.

Huenda yaliingia baada ya kishindo.
Huenda ni mvua iliyolikuta lori barabarani.
Huenda ni mshono wangu.
Kilo moja na robo ni nini mbele ya masanduku manne?
Jozi ya viatu. Chupa ya mafuta ya nywele.
Lakini pale juu, Mbeyu, ulipolivuta usukani kifuani
na jabali likakua dirishani,
ulipungukiwa na kiasi gani?

Maji yako chini ya meza yangu, ndani ya dumu la njano.
Kijana ninayemfundisha kazi ameuliza ni ya nini.
Nimemwambia asiyamwage.
Kisha nikamrudisha kwenye mshono aliokuwa amekwisha kuumaliza.